Mwonjaji Aliyefunga

Hapana, hakumpiga. Nani amekuambia alimpiga?

Wiki nzima watu wananiuliza hilo tu. Hata jirani yangu hapa, mtu wa kanisa, ameniita juu ya ua: "Silvesta, yule kijana alimshushia msichana mwiko ama hakumshushia?" Hakumshushia. Wiki iliyopita tulimwacha Laban katikati ya jikoni, ameinua mwiko, ule mrefu wa kukorogea sufuria ya watu mia tatu, na Hadijah ndio anaingia mlangoni. Aliuinua kwa sababu ulikuwa unamdondoshea dengu kwa kiatu. Basi. Nyinyi mnapenda vita.

Lakini macho, hayo nakubali. Macho yalikuwa yanapiga.

"Kumbe ni wewe," Laban akasema. "Kijiko ni wewe."

"Ni mimi."

Kama umeanza kusoma leo, sogea karibu nikueleze haraka, hawa wengine watavumilia.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa 2014, mwezi wa saba, joto la Doha lile la kuunguza mkono kwa usukani. Mimi nilikuwa dereva wa basi ya wafanyakazi. Natoa vijana Umm Salal, nawaleta hoteli moja kule West Bay. Hoteli ilikuwa na hema la futari, wageni mia tatu kila jioni. Jikoni karibu wote Waislamu, wamefunga. Shefu Nadim, Mlebanoni mwenye jikoni yake, amefunga. Kwa hivyo kazi ya kuonja alipewa Laban, Mkristo wa Butere. Ulimi wake ndio ulikuwa ulimi wa jikoni nzima.

Na huyo huyo Laban alikuwa amefunga.

Kwa siri. Sababu ni Hadijah wa Mumias, mpenzi wake hapo hapo Doha, aliyemwambia kabla ya mwezi kuandama: "Tukae mbali mpaka Idi. Kaka yangu hataki kusikia habari ya Mkristo. Wacha nifunge na akili imetulia." Msichana akazima simu. Kijana akafunga kula. Chumvi anatia kwa kipimo cha mkono, halafu ananusa. Mimi peke yangu nilijua, kwa sababu chakula chake cha mchana kilikuwa kinaishia tumboni mwangu, ndani ya basi.

Siku kumi na saba pua ilimbeba. Ya kumi na nane, stoo ikaleta unga wa supu wa aina ingine, wenye chumvi ndani yake. Laban akatia mkono ule ule. Na jioni hiyo ndio mwandishi mmoja wa mambo ya chakula, anayejiita Kijiko, alikuwa amekaa kwa hema.

"Supu ya dengu ni maji ya bahari," gazeti likasema asubuhi yake. "Mwonjaji wa jikoni hii amelala, ama hana ulimi."

Meneja akawaka. Akaamuru Kijiko aitwe siku hiyo hiyo, aingie mpaka jikoni, aone supu ikipikwa, aonje tena na wageni. Ikiharibika mara ya pili, Laban anarudishwa Kenya wiki hiyo. Na mlango ukafunguka, na Kijiko akaingia, na alikuwa Hadijah. Haya. Sasa tuko pamoja.

"Ungenipigia simu," Laban akasema. "Ungesema, Laban, supu yenu mbaya."

"Na wale wageni wengine, nani angewapigia?"

"Ulijua mwonjaji ni mimi?"

"Nilijua unafanya kazi hapa. Sikujua ulimi ni wako." Akanyoosha buibui yake. "Na hata ningejua, ningeandika."

Collins, kijana wa Kisumu anayebeba masinia kwenda hemani, akapiga mluzi. "Wueh! Laban, hiyo ni kadi nyekundu, na mechi haijaanza." Kombe la Dunia lilikuwa limeisha juzi tu, na Collins alikuwa bado anaongea mpira kwa kila kitu.

"Collins, nyamaza."

"Nimenyamaza, bosi."

Shefu Nadim akaja na saa yake mkononi. Kiingereza chake na Kiarabu zilikuwa zinatoka pamoja kama maji ya mifereji miwili, mimi nawapa kwa Kiswahili. "Yalla! Saa kumi na moja imepita. Bado saa moja na nusu watu wafuturu. Laban, onja. Onja mbele ya huyu dada, aone kwamba ulimi tunao."

Akachota mwenyewe. Akampa kijiko.

Nawaambia, nimeendesha basi miaka ishirini na mbili, sijawahi kuona mtu akiogopa kitu kidogo hivyo. Laban akakishika kijiko. Akakileta mdomoni. Kikasimama hapo. Mvuke unampanda puani, jasho linateremka shingoni, jikoni nzima imegeuka kumwangalia.

"Moto," akasema.

"Puliza," Shefu akasema.

Akapuliza. Akapuliza tena. Akapuliza mpaka Collins akauliza kama anazima mshumaa.

Mimi nikaona kijana anazama. Nikafanya kile mzee anaweza kufanya. Nikasukuma sinia la sambusa kwa kiwiko. Sambusa sitini, chini, zote.

"Mzee!" Shefu akashika kichwa. "Wewe dereva! Nani amekuita jikoni?"

"Pole, Shefu. Ni haya macho."

Macho yangu hayakuwa na shida yoyote. Lakini Laban alipata nafasi. Akaweka kijiko chini, akasema supu inataka limau, akaingia kwenye kile chumba cha baridi cha kuwekea mboga. Na nikamwona Hadijah anamfuata.

Shefu akaniambia, "Nenda umtoe huyo. Una dakika moja." Kwa hivyo msiseme nilienda kusikiliza. Nilitumwa.

Mlango wa chumba hicho ulikuwa wazi kidogo.

"Umekimbilia nini huku?" Hadijah alikuwa anauliza.

"Limau."

"Limau ziko nyuma ya kichwa chako. Umezipita."

Laban akageuka, akachukua mbili.

"Laban, nimeandika ukweli. Unataka nikuandikie uongo ndio ujue nakupenda?"

"Nilitaka uniulize kwanza."

"Nikuulize nini? Chumvi iko ama haiko. Chumvi haina hadithi."

"Hii ina hadithi."

"Haya nipe."

"Siwezi."

"Unaona? Unaona sasa?" Sauti ikapanda. "Hii ndio inanichosha na wewe! Unakaa na kitu moyoni miezi sita, unataka mimi nikijue kwa kukuangalia usoni. Kaka yangu ananiuliza, huyo mwanamume anafikiria nini? Namjibu sijui! Na kweli sijui!"

"Hadijah, naomba utoke tu. Nina kazi."

Hapo akamwangalia vizuri. Unajua mtu aliyefunga anamtambua mwenzake. Midomo ya Laban ilikuwa imepasuka, na pembeni imeweka ule weupe.

"Leo mchana umekula nini?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Wali."

"Wali na nini?"

Laban akafikiria. Kumbe kijana hakuwa hata amefungua bakuli lake aone limewekwa nini.

Hadijah akageuka, akaniona pale mlangoni. "Mzee Silvesta, huo wali umeliwa na nani?"

Ningesema nini? Nimebatizwa. Nikamwambia, "Mama, wali ulikuwa mtamu. Na kuku."

Akachukua chupa ya maji kutoka rafuni, akafungua, akamnyooshea Laban. "Kunywa."

Laban akaiangalia ile chupa. Ilikuwa inatoa jasho kwa baridi. Mkono haukutoka mfukoni.

"Tangu lini?" Hadijah akauliza polepole.

"Tangu ya kwanza."

"Zote?"

"Zote."

Akakaa juu ya kreti la nyanya. Mimi nikajua sasa machozi yanakuja, nikaanza kutafuta leso. Lakini huyu alikuwa mtu wa Mumias.

"Mjinga wewe!" akapiga kelele. "Siku kumi na nane unapikia watu mia tatu bila kuonja?"

"Nimefunga! Nitaonjaje?"

"Kwa ncha ya ulimi! Unaonja, unatema, unasukutua, basi! Mpishi anaruhusiwa, bora asimeze. Mama yangu anapika futari kila siku ya Mungu, unafikiri anapigia sufuria ramli?"

Nyinyi hamkuona ule uso. Laban alikuwa kama mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Umm Salal mpaka West Bay, mwezi wa saba, jua la saa nane, halafu akifika anaambiwa basi ilikuwa inapita na ni ya bure.

"Hakuna mtu aliniambia," akasema.

"Ulimuuliza nani?"

"Ningemuuliza nani na ni siri?"

"Laban! Laban, nitakupiga mimi!"

"Shefu amesema dakika moja," nikawakumbusha.

Tukatoka. Hadijah mbele, Laban nyuma na limau mbili ambazo hakuna aliyekuwa anazitaka tena.

Shefu alikuwa amesimama kando ya sufuria, mikono kifuani. "Haya, mmemaliza kulima hizo limau? Onja."

Laban akachukua kijiko. Safari hii akatoa ulimi kidogo, akagusa supu kwa ncha, akatema kwa sinki, akasukutua. Nikasema asante Yesu, tumepona.

Akagusa tena, akatema tena.

"Je?" Shefu akauliza.

"Sijui."

"Hujui nini?"

"Sisikii kitu, Shefu. Kinywa kimekauka. Ni kama nimelamba mbao."

Hivi kweli! Siku zote hizo alikuwa na ulimi, hakuutumia. Leo ameruhusiwa, ulimi umegoma.

Shefu akaangalia lile sinki. Akamwangalia Laban. "Kwa nini umetema?"

Laban akafungua mfereji, akaosha sinki.

"Laban. Kwa nini umetema?"

"Amefunga," Hadijah akasema. "Amefunga tangu mwezi uandame."

Shefu Nadim akazunguka meza mara moja, akarudi. "Mimi," akasema, "nina Waislamu kumi na wanne hapa ndani. Nimetafuta Mkristo mmoja. Mmoja tu! Kazi yake ni moja, kula! Nimekulipa uwe unakula, na wewe unafunga!"

"Samahani, Shefu."

"Na ungetumia ncha ya ulimi! Kila mtu anajua!"

"Ulijua?"

"Mtoto mdogo anajua! Mimi sionji kwa sababu najijua, nikionja nitameza sufuria nzima. Lakini sheria naijua!"

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie ya nini? Wewe si Mkristo?"

Collins akajificha nyuma ya masinia. Mabega yake yalikuwa yanacheka.

Saa ya ukutani ikasema kumi na mbili kasoro dakika kumi. Waislamu wote jikoni walikuwa wanaweza kuonja kwa ncha, lakini wale walikuwa wapishi wa nyama na wa keki, kila mmoja anasukumia mwenzake, supu si yangu, meneja asije akaniweka mimi kwa ndege. Collins ni Mkristo, lakini huyo akiulizwa chai ina sukari anasema anafikiria iko.

Na Shefu akamgeukia Laban, akasema polepole kwa ile sauti ya mtu aliyechoka, "Basi habibi, nenda uvue aproni. Nitamwambia meneja mwenyewe."

Laban akashika kamba za aproni.

Hadijah akampokonya kijiko.

Sikuona akifikiria. Alichota, akagusa kwa ncha ya ulimi, akatema kwa karatasi. "Imezidi. Si kama jana, lakini imezidi. Laban, huu unga wa pakiti umeweka vikombe vingapi?"

"Sita."

Akagusa unga kwa ulimi, akatema. "Una chumvi ndani. Hukusoma pakiti?"

"Imeandikwa Kichina."

"Leta maji moto. Ongeza dengu zile zilizochemshwa bila kitu. Sasa hizo limau, leta."

Na Laban akaanza kukimbia. Yeye anamwaga, msichana anakoroga. Anaonja, anatema. "Bado." Anamwaga tena. "Bado. Bizari." Wanagombana mkono kwa mkono juu ya mvuke, buibui imekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Mara ya nne Hadijah akatulia na kijiko hewani.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Jikoni ikashangilia. Halafu Collins, yule ambaye hajawahi kusema kitu cha maana tangu nimjue, akauliza, "Sasa, si huyu dada ndiye refa?"

"Nini?"

"Si yeye ndiye amekuja kuhukumu supu? Refa ameingia uwanjani, amepiga penalti, amefunga. Sasa goli inaandikwa ya nani?"



Nikamwona Hadijah anaangalia kijiko mkononi mwake kama hajui kilifikaje hapo. Miaka mitatu alikuwa anakula kwa meza za watu Doha nzima bila hata mmoja kujua uso wake. Hajawahi kupokea hata glasi ya maji ya bure. Na sasa amepika supu aliyokuja kuipima.

Akatoa simu. Akampigia mhariri wake pale pale, mbele yetu. "Siwezi kuandika ya leo. Hapana, si mgonjwa. Nimetia mkono kwa chakula." Akasikiliza. "Najua. Najua nafasi iko tupu. Nimesema siwezi."

Shefu naye simu yake ikalia. Meneja. Sauti ilikuwa inafika mpaka kwangu. Shefu alikuwa anasema tu na'am, na'am, na'am. Alipokata, akajipangusa uso.

"Anasema yeye hataki supu, anataka gazeti. Kesho kutwa gazeti lisiposema neno zuri juu ya hema, Laban anaenda. Anasema hata supu iwe asali."

"Lakini supu imekaa sawa!" Laban akasema.

"Mimi ndiye unaniambia?"

Hasira iliyoingia jikoni hiyo ungeweza kuipakua na upawa. Wote walikuwa wamefanya vizuri na hakuna kilichosaidia.

Halafu mzinga wa kufuturu ukalia kwenye televisheni ya hema, na adhana ikafuata. Kila mtu akachukua tende, akanywa maji amesimama, na masinia yakaanza kutoka. Laban alikula tende yake mgongo ameupa ukuta, macho amefumba. Hapo ndio Waislamu kumi na wanne walimwona akifuturu kwa mara ya kwanza. Yule mzee wa mikate, Mbangali, akampigapiga bega, akampa tende ya pili, akaenda zake.

Baada ya nusu saa Collins akarudi na bakuli. "Shefu, angalia. Wamelamba. Kuna baba mmoja ameomba ya tatu."

Shefu akazigeuza moja moja. Tupu. Tupu. Tupu. "Bakuli haziongei na meneja," akasema.

Chakula chetu sisi tulikuwa tunakula nyuma, kwenye mlango wa kupakulia mizigo. Wanatandika maboksi chini, juu yake plastiki, sinia kubwa la wali na nyama katikati, supu kando. Hadijah alikuwa amewekewa meza yake hemani, kitambaa cheupe, kiti cha dhahabu. Aliikataa. Akavua viatu, akaja kukaa na sisi.

"Nimefikiria," akasema kabla hatujagusa kitu. "Sitaandika ya supu ya leo. Nitaandika ya jana. Nitasema nilikosea. Nilisema mwonjaji amelala, kumbe amefunga. Nitaandika yote, kuanzia siku ya kwanza. Watu wakisoma hiyo, meneja gani atamfukuza?"

Shefu akapiga makofi. "Wallahi, huyo meneja atampandisha cheo!"

"Laban atakuwa staa," Collins akasema. "Nitakuwa naomba picha na wewe, bro."

Laban alikuwa bado amesimama. "Usiandike."

"Nini?"

"Nasema usiandike."

"Laban, ni kazi yako! Ni ndege!"

"Najua." Akajikuna kichwa. Yeye si mtu wa maneno, mmeshamwona, ilikuwa inamtoka kama jiwe. "Siku tatu za kwanza nilikufungia wewe. Ya nne nilikukasirikia vile umezima simu, nikafunga tu. Hizo zingine sijui ni za nani. Nilikuwa bado naangalia. Sasa ukizipeleka gazetini zitakuwa za gazeti. Kaka yako atasoma, atasema nilikuwa najionyesha. Na mama yangu ni shemasi pale Butere. Asikie kutoka kwa majirani?"

"Kwa hivyo upande ndege, na siri yako mfukoni?"

"Nitapanda."

"Na mimi?"

Laban akaanza kukunja pindo la aproni.

"Nakuuliza. Wewe utakuwa Butere na mama yako. Mimi nitakuwa nimekaa hapa Doha na ukweli ambao sina ruhusa ya kuusema. Na mimi, Laban?"

Hata mimi, na umri huu wangu, sikujua yupi ana haki. Kila mmoja nilimwona anayo.

Laban akafungua mdomo.

"Khalas!" Shefu Nadim akamshika aproni, akamvuta chini kama mtoto. "Mmenifungisha mpaka baada ya kufuturu! Wali unapoa. Kaa. Ule. Ukishakula ndio umjibu."

Nafasi ilikuwa moja tu, kwa sababu Collins alikuwa amejisogeza kimya kimya. Laban akaanguka hapo, bega kwa bega na Hadijah. Msichana hakumwangalia. Akachukua mkate, akaukata vipande viwili kwa hasira, kimoja akakisukuma mbele yake.

Wakasema bismillahi. Mimi nikafanya ishara ya msalaba. Laban akashika mkate, akabaki hajui afanye lipi, mwishowe akainamisha kichwa tu.

Halafu mikono yote ikaingia sinia.